Hita ya Nini Ukambani?

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo tumeitumia katika insha zetu tangu shule ya msingi, hata imechujuka kama sare iliyofuliwa mara mia. Lakini wahenga hao hawakutuachia neno lolote kuhusu namna ya kuziba. Kuna kuziba kunakoumaliza ufa, na kuna kuziba kunakouhamisha ufa kutoka mahali unapoonekana hadi mahali usipoonekana. Mimi nilifunzwa tofauti hiyo na kifaa kisichozidi ukubwa wa kamusi, kinachokaa gizani nyuma ya dashibodi ya gari. Mafundi hukiita rejeta ya hita.

Najua baadhi yenu, ndugu wasomaji, mmeanza kucheka. Mnasema, huku Kitui na Makueni ambako jua la utosi huwakimbiza hata mijusi kivulini, hita ni ya nini? Msiwe na haraka. Swali hilo hilo liliulizwa mbele yangu katika gereji moja, na sote tuliokuwepo tulicheka. Jibu lake lilichukua miezi mitano kupatikana.

Mjomba wangu ana pikapu aina ya Peugeot 504. Magari ya 504 yalianza kutengenezwa kule Ufaransa mwaka 1968, na pikapu zake zikafuata mwaka 1979. Hapa Kenya yalikuwa yakiunganishwa mjini Mombasa, na kazi hiyo iliendelea hadi mwaka 2004. Wazee wapenda mashindano watakuambia kwamba 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Kwa mjomba, hizo ni hadithi za kunogesha chai. Analolijua yeye ni kwamba gari hilo hubeba mzigo bila kulalamika, na kila fundi aliye kati ya Nunguni na Mutomo ameshawahi kuingiza spana ndani yake.

Kazi ya pikapu hiyo ni kuunganisha Ukambani mbili. Nyumbani kwetu ni katika milima ya Kilungu, Makueni, ambako kuna baridi, ndizi, kabichi na parachichi. Mara mbili kwa wiki mjomba hupakia mazao hayo, akateremka hadi barabara ya Mombasa, akapita Emali na Makindu, kisha akaiacha barabara kuu pale Kibwezi. Huvuka mto Athi na kuingia Kitui, akauza mzigo Ikutha na Mutomo. Akirudi huwa na ndengu, asali, na pengine mbuzi wawili watatu. Kutokana na safari hizo hupatikana karo yangu na ya binamu zangu wawili. Zaidi ya hayo, kila mwezi pikapu hiyo humpeleka nyanya yangu, ambaye sisi kwa Kikamba humwita susu, kwenye kliniki ya presha katika hospitali ya Wote. Kwa hivyo gari hilo likiugua, nyumba nzima huugua.

Lilianza kuugua mwezi wa Machi, masika yakikaribia. Dalili ya kwanza ilikuwa harufu. Ukiingia ndani asubuhi ulinusa kitu kitamutamu, kama sharubati iliyosahauliwa juu ya jiko. Ya pili ilikuwa kioo cha mbele. Kilishika utando wa mafutamafuta ambao ukiufuta kwa kitambaa unatapakaa tu. Ya tatu ilikuwa zulia la miguuni pa abiria, ambalo lililowa hata siku ambazo mvua haikunyesha. Mjomba alidhani paa limetoboka, akaliziba kwa lami. Zulia likaendelea kulowa. Wakati huo huo maji ya rejeta kubwa yalikuwa yakipungua kila asubuhi, na chini ya gari hakukuwa na tone hata moja.

Hebu tuangalie kifaa chenyewe kinavyofanya kazi, kwa maana hapa ndipo somo la Fizikia linapotoka ubaoni na kuvaa ovaroli. Injini ikiungua mafuta hutoa joto jingi kuliko linalohitajika kuzungusha magurudumu. Maji yanayozunguka ndani yake hulibeba joto hilo hadi rejeta ya mbele, nayo huligawa kwa upepo. Sehemu ya maji hayo ya moto huchepushwa kwa mpira mmoja, yakapita ukutani mwa injini na kuingia katika rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi, kisha yakarudi injini kwa mpira wa pili. Rejeta hiyo ndogo ina vijibomba vyembamba na mapezi mengi ya bati jepesi. Feni ikipuliza hewa katikati ya mapezi hayo, hewa hutoka ikiwa na joto na kuelekezwa miguuni au kwenye kioo. Hita basi haichomi petroli ya ziada. Inatumia joto ambalo lingetupwa nje bure.

Ubaya ni kwamba maji ya hita ndiyo maji ya injini. Kijibomba kimoja kikitoboka, injini inavuja ndani ya nyumba, mahali ambapo dereva hachungulii. Tena maji si yote yanayopotea. Pale Mombasa, usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 100. Mji wa Kitui uko mita 1,100 na zaidi juu ya bahari, na huko huchemka kwa nyuzi 96 hivi. Juu milimani huchemka mapema zaidi. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta hukaza shinikizo ndani, ili maji yaweze kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Tundu dogo linaiba maji na linaiba shinikizo pia. Vikiisha vyote viwili, kichwa cha silinda hupinda, gasketi huungua, na mwenye gari huanza kutafuta mnunuzi wa shamba.

Gari lilichemsha siku ya soko, tukiwa tumepita Ikutha na mzigo wa kabichi. Nilikuwa nimefunga shule, nami nilikuwa juu ya mzigo. Tukasukumana nalo hadi gereji moja ya kando ya barabara. Fundi akapitisha kidole chini ya dashibodi, akakinusa, akatabasamu.

"Mzee, hita yako imekufa. Si tukate hii mipira mbili tuziunganishe na kapaipu? Hiyo rejeta ndogo ibaki kavu. Dakika kumi uko barabarani."

"Na hita je?" mjomba akauliza.

"Hita ya nini Ukambani, mzee? Unataka kuiva?"

Ndipo tulipocheka. Nataka niwe mwadilifu kwa fundi yule. Kazi yake ilikuwa safi, alikaza klipu vizuri, na malipo aliyochukua hayakufika bei ya kabichi kumi. Kabichi zetu ziliuzwa kabla hazijanyauka, na tulifika nyumbani usiku bila tone kupotea. Kwa mtu aliyekwama njiani na mzigo unaooza, dawa ile ni dawa. Tatizo ni kwamba dawa ya njiani ikageuka kuwa ya kudumu. Aprili ikapita, Mei ikapita, na hakuna aliyeikumbuka hita tena.

Kisha ikaja Julai. Asiyeijua Kilungu ya Julai adhani Ukambani yote ni vumbi na mibuyu. Ukungu hushuka usiku ukalala barabarani kama ng'ombe, na haunyanyuki mpaka saa tatu. Susu alikuwa na siku yake ya kliniki, na mwenye kuchelewa Wote hukuta foleni imezunguka jengo. Tukatoka saa kumi na moja alfajiri, watatu ndani: mjomba usukanini, susu katikati na shali zake mbili, nami mlangoni.

Hatukwenda kilomita moja kabla kioo hakijaziba. Pumzi za watu watatu zina unyevu, na unyevu ukigusa kioo baridi hugeuka matone. Dawa yake ni hewa ya moto kwenye kioo, nayo ndiyo tuliyoikata tukaiacha Kitui. Mjomba akawasha feni, ikatupulizia baridi ya mlimani. Akafungua dirisha, susu akaanza kukohoa. Nikapewa kitambaa. Nikawa nafuta upande wa dereva, nikimaliza kona moja nyingine imeshaziba, na mjomba akiendesha shingo imetoka nje kama kobe.

Katika kona moja ya mteremko, pikipiki ilikuwa imesimama pembeni bila taa, mwenyewe akifunga upya mtungi wa maziwa. Mjomba alimwona wakati ambapo kioo kilikuwa na dirisha la ukubwa wa sahani. Breki zikalia, pikapu ikaserereka juu ya changarawe, ikasimama. Kati ya bampa na mgongo wa kijana yule palibaki nafasi ya hatua moja. Hakuna aliyepiga kelele. Kijana alitutazama, akautazama mtungi wake, akausukuma pikipiki mbali zaidi. Susu alikuwa ameushika mkono wangu, na vidole vyake vilikuwa vinatetemeka. Huko Wote daktari alipompima, presha ilikuwa imepanda, na ikabidi apumzike kitandani mpaka alasiri.

Mwezi uliofuata tukapata jibu la pili, safari hii katika joto. Tulikuwa tunarudi kutoka Mutomo tukiwa na magunia ya ndengu, na mzee mmoja dereva mstaafu alikuwa ameomba lifti hadi Kibwezi. Tulipovuka mto Athi na kuanza kupanda, mshale wa joto ukaanza kupanda nasi. Mzee yule akaunyoosha mkono kwenye dashibodi.

"Fungua hita, kijana. Yote."

"Hita haiko, baba. Tuliikata."

Mzee akashusha pumzi. "Nani amekuambia hita ni ya watu? Huku kwetu hita ni ya injini."

Ikabidi tusimame chini ya mwiba, boneti juu, tukingoja. Hapo mzee akatufunza. Alisema enzi zile barabara ya Kibwezi hadi Kitui ilipokuwa vumbi tupu, kabla haijawekwa lami, wao walipopanda na mzigo na mshale ukawatishia, walifungua madirisha yote na kuisukuma hita mpaka mwisho. Rejeta ndogo, yenye feni yake yenyewe, ikaisaidia kubwa kumwaga joto. Waliloa jasho, lakini injini ilifika. "Heri dereva atoe jasho kuliko injini itoe moshi," akasema. Nilipolipeleka neno hilo kwa mwalimu wetu wa Fizikia shule ilipofunguliwa, alinithibitishia kwamba mzee yule hakukosea hata chembe. Ila aliongeza kwamba hiyo ni njia ya kukufikisha mahali salama pa kusimama. Gari linalochemsha kila siku lina ugonjwa wake unaotakiwa kutafutwa.

Basi tukawa na hoja mbili, ya baridi na ya joto. Kilichobaki kilikuwa pesa. Rejeta mpya ya hita, pamoja na mipira na ufundi, ingegharimu bei ya beberu mmoja mzima wa soko la Kibwezi. Na beberu huyo alikuwepo, lakini alikuwa na kazi nyingine: alikuwa wa karo yangu. Shule ilikuwa ifunguliwe baada ya siku tisa. Mjomba alipiga hesabu nyuma ya karatasi ya dawa, akaifuta, akaipiga tena.

"Tungoje Disemba, mwaitu," akamwambia susu. "Wakati wa maembe pesa itakuwepo. Mtoto asome kwanza."

Susu alikuwa anachagua ndengu kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Asome vipi, mwanangu, ikiwa anayesoma yumo ndani ya gari lisiloona? Uza mbuzi. Mbuzi wengine watazaliwa."

Yakaisha. Beberu akauzwa, nami nikarudi shuleni na nusu ya karo na barua ya mjomba ya kuomba muda. Nawashukuru waliokubali barua ile.

Rejeta ililetwa kutoka barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ambako hupatikana spea za magari ya zamani. Fundi wa pili, mtu wa makamo jirani yetu, aliitumbukiza kwanza ndani ya karai la maji, akaziba mdomo mmoja kwa gumba na kupuliza mwingine kwa pampu ya baiskeli. Tulikodoa macho kutafuta povu. Hapakuwa na hata moja. "Ukinunua kitu cha kuingia gizani," akasema, "kipime kikiwa bado kwenye mwanga."

Kazi yenyewe ilichukua siku moja kutwa, nami nilikuwa mshika tochi. Alingoja injini ipoe kabisa kabla ya kugusa kifuniko cha rejeta, kwa sababu maji yaliyo chini ya shinikizo humrukia mtu usoni na kumbabua. Akaondoa waya wa betri. Akamwaga maji yote kwenye ndoo, na ndoo akaifunika na kuiweka mbali. Dawa ya kupozea injini ni tamu na ni sumu, na mbwa au mbuzi akiilamba anaweza kufa. Akatoa kisanduku cha dashibodi na vibao vya chini, kila msumari akiuweka katika kifuniko chake cha chupa ili usipotee. Kisha akalifikia boksi la hita, akalifungua, na ile rejeta kuukuu ikatoka.

Ilikuwa nzito kuliko mpya, na hapo ndipo tulipoijua sababu ya yote. Alipoikata kwa msumeno, ndani ya vijibomba mlikuwa na ukoko mweupe mgumu, kama ule unaogandamana chini ya sufuria ya chai. Visima vingi vya kuchimba kule Kitui kusini vina maji ya chumvichumvi. Mjomba, kama madereva wengi wa njia ile, alikuwa akijaza rejeta kwa maji yoyote aliyoyapata karibu. Maji yale huacha madini yake kila yanapopata joto, yakaziba njia nyembamba kwanza, na chumvi ikaendelea kuila chuma polepole. Kilichotoboa hita yetu kilikuwa kiu ya miaka mingi iliyozimwa kwa maji yasiyofaa.

Kwa hiyo fundi hakukubali kufunga mpya kabla ya kuusafisha mfumo wote. Alipitisha maji ya mvua kutoka tangi la susu, mara ya kwanza yakatoka ya kahawia, mara ya nne yakatoka kama yalivyoingia. Akafunga rejeta mpya na mipira mipya na klipu mpya. Akaliegesha gari pua ikiangalia juu ya kilima, akafungua mkono wa hita mpaka mwisho, akajaza maji yaliyochanganywa na dawa taratibu huku injini ikinguruma, ili hewa iliyonaswa ndani ipande na kutoka. Povu lilipokoma, akafunga kifuniko. Akaweka kiganja chake juu ya tundu la kioo, akaniita niweke changu. Hewa ilikuwa moto kama pumzi ya tanuri.

Sasa nyuma ya kiti cha pikapu kuna mtungi wa lita 20 wa maji ya mvua, nao haukopeshwi mtu. Wenzetu wenye magari nyumbani wanaweza kuanzia hapo, maana hiyo ndiyo sehemu isiyogharimu kitu. Na siku fundi atakapokuambia kwamba kifaa fulani hakina haja, usimtukane, wala usimkubalie upesi. Muulize swali moja tu: kifaa hiki kinafanya kazi gani nyingine? Sisi tulilipa mbuzi mmoja na hofu ya alfajiri moja kulijua jibu.

Karo iliyobaki ilimalizika Disemba, maembe yalipoiva. Susu hajakosa kliniki yake hata mwezi mmoja, na siku za ukungu sasa hukaa mlangoni, shali moja magotini, akidai hewa ile ielekezwe miguuni pake.